Sura ya Sita: Msomaji Makini, Mtetezi Hodari

Mtihani wa Kiswahili wa KCSE nchini Kenya una karatasi tatu. Ya kwanza, 102/1, ni ya insha na ina alama 40. Swali la kwanza ni la lazima, kisha mtahiniwa huchagua jingine moja kati ya matatu yaliyobaki. Ya pili, 102/2, ina alama 80, na humo ndimo ulimo ufahamu wenye alama 15 na ufupisho wenye alama nyingine 15. Ya tatu ni ya fasihi. Tanzania ina mpangilio wake wa mtihani, lakini mada ni zilezile: ufahamu, ufupisho, utungaji. Mwalimu yeyote wa Kiswahili, awe Kitui au Kigoma, anazijua mada hizo nje ndani.

Mgawanyo huo unarahisisha usahihishaji. Kwa bahati mbaya umehamia hadi darasani. Muhula wa mwisho ukikaribia, ratiba ya marudio hufuata karatasi za mtihani: Jumatatu ufahamu, Jumatano insha, Ijumaa sarufi. Siku ya ufahamu wanafunzi hujibu maswali ya miaka iliyopita. Siku ya insha hukumbushwa kwamba barua rasmi ina anwani mbili na kwamba hotuba huanza kwa kuwataja waheshimiwa waliohudhuria kwa kufuata itifaki. Mwanafunzi hutoka kwenye vipindi hivyo viwili akiamini kwamba amejifunza mambo mawili yasiyohusiana.

Yanahusiana sana. Kuelewa kifungu chenye hoja ni kuona mwandishi anadai nini, anatoa ushahidi gani, na ameruka wapi. Kuandika insha ya kushawishi ni kufanya hayohayo kwa kalamu yako mwenyewe. Aliyezoezwa kuitafuta hoja katika maandishi ya wengine anajua pa kuanzia anapopewa karatasi tupu. Asiyezoezwa huongeza ukali wa maneno mahali pa ushahidi. Insha yake hujaa "ni wazi kabisa" na "kila mtu anajua". Kwa hiyo stadi hizi mbili zinastahili kurudiwa pamoja, siku moja, kwa kifungu kimoja.

Hotuba mbili za Roma

Mfano mzuri wa kuanzia umekuwapo kwa Kiswahili tangu mwaka 1963. Mwaka huo Oxford University Press ilichapisha tafsiri ya tamthilia ya William Shakespeare kuhusu Julius Caesar, iliyofanywa na Julius Nyerere, wakati huo Rais wa Tanganyika. Baadaye Nyerere aliipitia upya, na mwaka 1969 ikatoka kwa jina la Juliasi Kaizari. Mfasiri huyo alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Alifundisha Tabora na Pugu, na alijiuzulu ualimu mwaka 1955 ili ashughulikie TANU.

Sehemu inayomfaa mwalimu wa marudio ni onyesho la pili la tendo la tatu. Caesar ameuawa kwa visu na viongozi wenzake, na umati wa Warumi unadai maelezo. Brutus, mmoja wa wauaji, anazungumza kwanza. Shakespeare amempa maneno ya nathari, sentensi fupi zilizopangwa kwa ulinganifu. Anaeleza kwamba alimpenda Caesar, ila mapenzi yake kwa Roma yalikuwa makubwa zaidi, na kwamba Caesar alikufa kwa sababu ya tamaa yake ya ukubwa. Umati unamshangilia. Kisha Brutus anamruhusu Antony, rafiki wa marehemu, azungumze baada yake, na yeye mwenyewe anaondoka.

Antony ameahidi kwamba hatawalaumu wauaji. Kwa maneno, anaitimiza ahadi hiyo. Kwa maana, anaivunja. Anazungumza kwa ushairi na anarudia tena na tena kwamba Brutus ni mtu wa heshima, na kila anaporudia sifa hiyo anaiweka kando ya jambo fulani alilolifanya Caesar. Caesar alileta mateka Roma, na fedha za kuwakomboa zikajaza hazina ya umma. Maskini walipolia, naye alilia. Alipelekewa taji mara tatu, akalikataa mara zote tatu. Baada ya hapo Antony anauonyesha wasia wa marehemu lakini hausomi. Anashuka hadi kwenye maiti na kuonyesha vazi lililotobolewa na visu. Mwishoni ndipo anapousoma wasia: kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75, na bustani za Caesar zimekuwa mali ya umma. Umati uliomshangilia Brutus muda mfupi uliopita sasa unakimbilia kuichoma moto nyumba yake.

Swali la kwanza la ufahamu hapa ni jepesi. Brutus anatoa sababu gani ya kumwua Caesar? Darasa zima litajibu kwamba ni tamaa.

Swali la pili litawarudisha kwenye ukurasa. Brutus anatoa ushahidi gani kwamba Caesar alikuwa na tamaa hiyo? Wataipitia hotuba mstari kwa mstari na hawatauona, kwa sababu haumo. Brutus hakutaja hata tukio moja. Anategemea jina lake zuri, na anawauliza wasikilizaji maswali ambayo ni aibu kuyajibu vinginevyo.

Swali la tatu ni gumu kuliko yote. Je, ushahidi wa Antony unathibitisha kwamba Caesar hakuwa na tamaa? Hapa mwanafunzi anapaswa kurudi nyuma hadi onyesho la pili la tendo la kwanza, ambako Casca anasimulia kisa cha taji. Kwa maelezo ya Casca, Caesar alilisukuma taji kando, lakini kila mara alifanya hivyo shingo upande. Basi kulikataa taji mbele ya watu si lazima kuwe dalili ya unyenyekevu. Wasia nao hauthibitishi mengi. Mtu anaweza kuwaachia watu fedha na bado akawa aliutamani ufalme. Mwanafunzi aliyefika hapo amelinganisha sehemu mbili za matini na kutenganisha tukio na tafsiri ya tukio. Pia amegundua kwamba hoja inaweza kushinda bila kuthibitishwa.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliziainisha njia tatu za kushawishi: kuaminika kwa msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Brutus aliegemea zaidi ile ya kwanza. Antony alizitumia zote tatu, na alizipanga: ushahidi kwanza, machozi baadaye, wasia mwisho. Mpangilio huo unafaa kuchorwa ubaoni kwa safu tatu, wanafunzi wakijaza kila kipengele cha hotuba mahali pake.

Onyesho linalofuata ni fupi, na mwalimu asiliruke. Umati uliopandishwa hasira unakutana na mshairi aitwaye Cinna, ambaye jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anajieleza kwamba yeye ni mshairi na hahusiki. Wanamwua hata hivyo. Shakespeare aliliweka tukio hilo mara tu baada ya hotuba iliyofana kuliko zote katika tamthilia yake, na darasa linapaswa kuulizwa kwa nini. Shule inayofundisha kushawishi bila kufundisha ufahamu inazalisha akina Antony wachache na umati mkubwa wa kuwafuata.

Kifungu kifupi cha ubaoni

Shule nyingi hazina nakala za Juliasi Kaizari za kutosha darasa zima, na wanafunzi wa vidato vya chini huhitaji kitu kifupi zaidi. Mwalimu anaweza kutunga kifungu chake mwenyewe kuhusu jambo wanalolijua. Hiki ni mfano:

"Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, ikaweka faini inayoweza kufika shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Tanzania Bara ilianza marufuku yake tarehe 1 Juni 2019. Wafanyabiashara wadogo walilalamika kwamba mifuko mbadala ni ghali. Hata hivyo, mitaro yetu haikuzibwa na bei, ilizibwa na plastiki. Nchi ambayo bado inasitasita haina sababu ya kusubiri."

Sentensi sita hizo zinatosha kipindi kizima. Swali la taarifa ya wazi: marufuku ya Tanzania Bara ilianza lini? Swali la kuunganisha: Rwanda iliitangulia Kenya kwa miaka mingapi? Jibu ni tisa, na halimo kwenye kifungu. Linapatikana kwa kuzileta pamoja sentensi mbili. Swali la kung'amua yasiyosemwa: mwandishi anaunga mkono marufuku au anaipinga, na umejuaje? Mwanafunzi makini ataonyesha kwa kidole maneno "hata hivyo" na "bado inasitasita". Swali la tathmini: ni dai lipi halina ushahidi? Mwandishi hakuonyesha popote kwamba mitaro iliacha kuziba baada ya marufuku. Isitoshe, malalamiko ya wafanyabiashara ameyataja kisha akayapita. Mifuko mbadala ingali ghali, na mwenye genge hajajibiwa.

Wanafunzi hupoteza alama kwenye maswali kama haya kwa sababu chache zinazojirudia. Baadhi hunakili sentensi nzima ya kifungu wakitumaini kwamba jibu litakuwa humo ndani. Wengine husoma "kwa mujibu wa kifungu" kisha wakajibu kwa mujibu wa yale waliyoyaona mtaani kwao. Wapo pia wanaoulizwa maana ya neno kama lilivyotumika, nao wakaandika maana ya kwanza inayowajia. Mtu akiandika kwamba kifungo ni kitu cha kufungia shati, hajakosea Kiswahili, ila hajasoma sentensi. Makosa hayo matatu yabandikwe ukutani, na kila mwanafunzi aandike kwenye daftari ni lipi linalomwandama yeye. Marudio yanayomwambia kila mtu jambo moja huwasaidia wachache.

Anayeijua mada husoma vizuri zaidi

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi 64 wa darasa la saba na la nane kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Kisha waliwataka waigize yaliyosimuliwa kwa kutumia sanamu ndogo na kielelezo cha uwanja. Wanafunzi waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaoujua mchezo waliwashinda wale waliokuwa hodari wa kusoma lakini hawaujui.

Mwalimu wa Dar es Salaam au Mombasa hana haja ya besiboli ili kuliona jambo hilo. Ampe kijana anayesifika kwa uvivu wa kusoma ripoti ya mechi ya Simba na Yanga, amwulize kwa nini bao lilikataliwa. Ataeleza kuotea, ataeleza kibendera kilipanda lini, na atataja hata yale ambayo mwandishi hakuyasema. Mpe kijana huyohuyo kifungu kuhusu soko la hisa naye atakwama kwenye aya ya kwanza.

Fundisho kwa marudio ni la wazi. Kurudia mbinu za kujibu maswali kunasaidia, lakini kuna kikomo. Mwanafunzi ambaye hajawahi kusoma chochote kuhusu kilimo, bima, bandari au mabadiliko ya tabianchi atakutana na kifungu cha namna hiyo kwenye mtihani na mbinu zake zitaishia hapo. Vifungu vya marudio vichaguliwe kwa upana, vilete maarifa mapya, na kila kimoja kiwe pia hazina ya mifano ya kutumia kwenye insha. Aliyesoma kuhusu mifuko ya plastiki Jumatatu ana tarehe na faini za kuweka kwenye hotuba yake ya mazingira Alhamisi.

Kusoma tena au kujipima?

Ukimwuliza mwanafunzi anarudiaje, atakwambia anasoma tena daftari. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walichapisha jaribio kuhusu tabia hiyo. Wanafunzi walisoma vifungu vifupi. Wengine wakavisoma tena, wengine wakafunika na kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56 ya kifungu, na waliosoma tena asilimia 42.

Kwa hiyo kipindi cha marudio kianze kwa vitabu kufungwa. Wanafunzi waandike kwa kumbukumbu dai kuu la kifungu cha jana na sababu zake mbili, ndipo wafungue na kujisahihisha wenyewe. Dakika saba zinatosha. Kipindi chenyewe ni dakika 40, hivyo muda wa kazi nyingine upo.

Kazi hiyo nyingine inaweza kufuata njia ya Annemarie Palincsar na Ann Brown, iliyochapishwa mwaka 1984. Walifanya kazi na wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakiyasoma maneno bila shida lakini wakitoka mikono mitupu kwenye maana. Katika vikundi vidogo, kila mmoja alishika nafasi ya mwalimu kwa zamu: kufupisha aya, kuwauliza wenzake swali, kufafanua palipokuwa pagumu, na kubashiri kitakachofuata. Ufahamu wao ulipanda kwa kiasi kikubwa. Njia hii haihitaji vifaa, na inafaa hata darasa lililojaa hadi dirishani, maana wanne wa dawati moja na la nyuma yake ni kikundi tayari.

Kutoka kifungu hadi aya yako

Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alichapisha kitabu kuhusu jinsi watu wanavyojenga hoja katika maisha ya kawaida, nje ya mantiki ya vitabuni. Kwa lugha ya darasani, alitenganisha dai, ushahidi, na kiungo kinachoeleza kwa nini ushahidi huo unalibeba dai. Mwanafunzi aliyeichambua hotuba ya Brutus tayari anajua kinachotokea dai likikosa ushahidi. Sasa aandike lake.

Tuseme darasa linaandika barua kwa mkuu wa shule kuomba maktaba ifunguliwe Jumamosi. Aya ya kwanza ya wengi itakuwa hivi: "Maktaba ni muhimu sana katika maisha ya mwanafunzi. Kila mtu anajua kwamba bila kusoma hakuna maendeleo. Kwa hiyo tunakuomba uifungue maktaba siku ya Jumamosi."

Haina kosa la sarufi. Lakini mkuu wa shule anaweza kuisoma, akakubaliana na kila sentensi, na maktaba isifunguliwe. Mwandishi amethibitisha kwamba maktaba ni muhimu, jambo ambalo hakuna anayelipinga. Kuhusu Jumamosi hajasema lolote.

Baada ya kuulizwa maswali yaleyale ya ufahamu, yaani dai ni lipi, ushahidi uko wapi na nani atapinga, aya hiyohiyo inaweza kuwa hivi: "Maktaba hufunguliwa saa nane hadi saa kumi alasiri, muda ambao Kidato cha Nne huwa maabara. Matokeo yake hatupati nafasi ya kuazima kitabu wiki nzima. Tunafahamu kwamba mkutubi hupumzika Jumamosi. Viranja wawili wa taaluma wako tayari kusimamia kwa saa tatu, chini ya mwalimu wa zamu."

Hapa kuna ukweli unaoweza kukaguliwa, kuna kiungo kati ya ukweli huo na ombi, na kuna pingamizi lililotajwa na kujibiwa. Jambo ambalo mwandishi wa kifungu cha plastiki hakulifanya kwa wafanyabiashara, mwanafunzi huyu amelifanya kwa mkutubi. Amejifunza kutokana na pengo aliloliona kwa mwingine.

Usahihishaji wa kazi kama hizi humwelemea mwalimu mwenye mikondo mitatu. Wanafunzi wabadilishane madaftari na wafanye mambo matatu tu: wapigie mstari dai, wazungushie duara kila ushahidi, na waandike pembeni swali moja ambalo mpinzani angeuliza. Anayefanya hivyo kwenye daftari la mwenzake anafanya zoezi la ufahamu, na mwenye daftari anapata msomaji wa kweli. Mwalimu akusanye madaftari machache kila wiki kwa zamu.

Mdahalo wenye masharti

Shule zetu zina desturi moja nzuri inayounganisha stadi hizi zote, nayo ni mdahalo. Mwenyekiti yupo, katibu yupo, mtunza muda ana kengele, na pande mbili zimeketi zikitazamana. Kinachoipunguza thamani ni mada zinazorudi kila mwaka, kama ile ya elimu na mali, ambazo hazidai ushahidi wowote. Msemaji hodari hupata makofi kwa methali na kejeli, na upande wa pili hujibu jambo ambalo halikusemwa.

Masharti mawili yangebadilisha sura ya mdahalo. La kwanza, mada iwe na jambo la kuchunguza: je, shule yetu iache kutumia kuni jikoni? Hapo msemaji atalazimika kumwendea mpishi na mhasibu kabla ya kupanda jukwaani. La pili, kabla ya kupinga, msemaji aieleze kwanza hoja ya mpinzani kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe ataikubali. Akishindwa, mwenyekiti amnyime nafasi mpaka aeleze sawasawa. Huo ni ufahamu wa kusikiliza, na hakuna mtihani wa maandishi unaoupima vizuri kuliko hivyo.

Wanaotunga mitihani nao wana nafasi yao. Swali moja tu linalompa mtahiniwa kifungu chenye hoja, kisha likamtaka aandike kurasa mbili za kukijibu kwa ushahidi, lingewafanya walimu wa nchi nzima wazifundishe stadi hizi pamoja bila waraka wowote kutoka wizarani. Mtihani huongoza ufundishaji, tupende tusipende.

Lakini mwalimu hahitaji kusubiri hilo. Mwananchi, Nipashe, HabariLeo na Taifa Leo huchapisha tahariri, na tahariri ni hoja iliyokamilika kwa ukubwa unaotosha kipindi kimoja. Achukue moja, aisome na wanafunzi wake asubuhi, waonyeshe dai, ushahidi na pengo lake. Kisha kila mmoja amwandikie mhariri barua ya kuunga mkono au kupinga, na barua tatu zilizojengwa vizuri kuliko nyingine zitumwe gazetini kweli.